Kwa nini nyoka wa mbuga nyeusi wanatoka ardhini mvua ikianza, na wa kichanga hatuwaoni hivyo?

Mama mmoja aliyekulia Mkuranga na sasa anaishi Igunga na mumewe ameniandikia, nimefupisha kidogo tu: "Shikamoo mtaalamu. Kwetu Mkuranga ni kichanga, nyoka tulikuwa tunawaona juu kwenye mikorosho au kwenye majani makavu na wengi wembamba. Huku Igunga udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa mpaka mguu wa mtoto unaingia, sasa mvua ya kwanza tu nyoka wanatoka kama wameitwa. Wiki iliyopita usiku mmoja tumekuta wawili uani, mmoja mfupi mnene hata hakimbii. Je nyoka wanabadilika kufuata udongo? Nikimwaga mchanga kuzunguka nyumba au oili chafu watakimbia? Na nyuma ya jiko kuna kichuguu, mume wangu anataka akivunje, ni sawa?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa huo usiku. Nyoka wawili uani sio jambo dogo hasa kama kuna watoto wanatoka kwenda chooni gizani. Nitakujibu kwa urefu, uvumilie, maana maswali yako yote matatu yana mzizi mmoja.

Nyoka mmoja mmoja habadiliki kufuata udongo. Yule wa Mkuranga ukimbeba ukamleta Igunga hatageuka rangi wala hatanenepa, atahangaika kutafuta pa kulala na pengine atakufa tu. Kinachobadilika ni ukoo, kwa vizazi maelfu kwa maelfu, wale waliozaliwa na umbo au rangi inayofaa mahali pale wanaishi wanazaa na wengine wanaliwa. Ila sisi wakulima tunaukosea udongo, tunauangalia rangi na rutuba, wakati kwa nyoka udongo ni nyumba. Anachotaka kujua yeye ni kama una matundu au hauna, ndani kuna joto kiasi gani, kuna unyevu, na mlangoni panapita panya au chura. Ukiuangalia udongo kwa macho hayo unaweza kukisia ni nyoka gani yupo hapo kabla hata hujamwona.

Na kuna jambo moja la kutoa kichwani mapema. Nyoka wengi hawachimbi. Watu wakiona shimo na nyoka anaingia wanasema nyoka kachimba shimo lake, hapana, hilo shimo kalichimba panya, au muhanga, au mchwa, au jua limepasua ardhi, yeye ni mpangaji tu. Wapo wachache wanaochimba kweli na nitawafikia, ila hawa wakubwa mnaowaogopa, fira, swila, koboko, kifutu, chatu, wote hao wanaishi kwenye mashimo yaliyochimbwa na wengine.

Sasa tuje Igunga. Huo udongo mweusi wa mbuga una aina ya mfinyanzi ambayo ikipata maji inavimba na ikikauka inasinyaa, ndio maana kiangazi unaona nyufa na nyingine zinashuka hata kupita mita moja. Saa nane mchana wa mwezi wa kumi juu hapo huwezi kukanyaga peku, lakini shuka kwenye ufa nusu mita tu, joto halipandi halishuki, mchana na usiku ni karibu sawasawa, na kuna unyevu kidogo umebaki. Kwa nyoka, ambaye mwili wake hautengenezi joto lake mwenyewe, hapo ni pazuri kuliko popote. Afu panya nao wamo humohumo kwenye nyufa wanakula mpunga uliodondoka majarubani na mtama uliobaki shambani. Yani kiangazi chote ardhi ya Igunga ni ghorofa lililopangishwa kuanzia juu mpaka chini, na wewe unapita juu yake huoni kitu.

Mvua ya kwanza ikishuka, maji yanaingia kwenye nyufa, mfinyanzi unavimba, nyufa zinafunga ndani ya siku chache. Mashimo ya panya yanajaa maji. Nyoka hao hawajaitwa na mtu, wamefukuzwa kwenye nyumba zao usiku mmoja wote kwa pamoja. Na usiku huohuo kumbikumbi wanatoka, vyura waliokuwa wamejifukia wanatoka wanapiga kelele kila dimbwi, kwahiyo nyoka katolewa kwake na hapohapo kakuta karamu. Anatafuta pakavu, palipoinuka, penye chakula. Nyumba yako imejengwa palipoinuka, ina stoo ya mazao, ina panya, ina taa inayoita wadudu na wadudu wanaita vyura. Sasa umeshaelewa kwa nini uani kwako.

Kichanga cha kwenu Mkuranga kinafanya kinyume. Mchanga haupasuki. Maji yanapita yanaenda chini, hayasimami, kwahiyo mvua haifukuzi nyoka wengi kwa mpigo. Na shimo kwenye mchanga mkavu halikai, linabomoka, panya mwenyewe analazimika kuchimba kwenye mizizi ya mti ambapo pameshikana kidogo. Kwa hali hiyo nyoka mkubwa wa kupanga kwenye mashimo anapata vyumba vichache, ndio maana ulikuwa unaona zaidi wale wa juu ya mti, wale wembamba, maana tawi la mkorosho haliwezi kubeba mnene akaenda kwa kasi, na wembamba wake unamfanya afanane na kitawi. Kuna mmoja anaitwa nyoka-kijiti na watu wengi, huyo anaweza kukaa ananyoosha shingo hewani bila kutikisika mpaka ukamshika ukidhani ni kijiti kikavu, na sumu yake inazuia damu kuganda, tena hiyo haina dawa yake maalumu mpaka leo. Kwahiyo msiwadharau wale wembamba kwa sababu ya wembamba.

Ila usidhani chini ya kichanga hakuna mtu. Wapo, tena ndio wale wanaochimba kweli, ni vile tu huwaoni. Mchanga mlaini unaruhusu kitu ambacho mfinyanzi mkavu hauruhusu kabisa, kusukuma kichwa ukapita. Wenye kazi hii wana miili inayofanana hata kama sio ndugu: kichwa kidogo kisichotofautiana na shingo, fuvu gumu lililoshikana, magamba laini yanayong'aa ili udongo usinase, macho madogo na mkia mfupi. Wako nyoka-vipofu ambao unaweza kudhani ni mnyoo mkubwa, macho yamebaki kama vidoa viwili chini ya gamba, wao wanakula mayai na watoto wa sisimizi na mchwa, hawana sumu, hawawezi hata kukung'ata. Wako wengine wana pua imepinda mbele kama sepeto, wanaitumia kufukua mayai ya mijusi.

Na yuko mmoja ambaye kila mtu wa pwani anayelima mihogo inabidi amjue. Mdogo, mara nyingi hafiki hata nusu mita, mweusi au kahawia iliyoiva, anang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, kichwa na mkia vinafanana. Nilikuwa Kisarawe mvua za vuli, usiku, tumetoka na tochi, akatokea juu ya njia baada ya mvua kukatika. Alikuwa anakunja shingo yake kama upinde na kuikandamiza pua chini kwenye mchanga, kama mtu anayesujudu, na ukimgusa na fimbo anajirusha kurudi nyuma. Kijana mmoja tuliyekuwa naye akamshika nyuma ya kichwa hasa kwa namna inavyofundishwa kwa nyoka wengine, vidole viwili imara kabisa, na nyoka bila kufungua mdomo akatoa jino pembeni ya taya akamchoma kidole. Ndivyo alivyoumbwa. Kwenye shimo jembamba la panya hakuna nafasi ya kufungua mdomo na kurudi nyuma ndio ung'ate, kwahiyo yeye anapita ubavuni kwa mtoto wa panya na kuchoma na jino moja kwa pembeni, kushuka na kurudi nyuma. Kidole kilivimba mpaka mkono, kikatoa malengelenge, na maumivu yalimnyima usingizi siku tatu. Huyu naye hana dawa yake ya kuondoa sumu. Kwahiyo mnyoo unaong'aa wenye magamba usishikwe, na mtu yeyote, kwa mtindo wowote.

Hapo ndipo unaona udongo umemtengeneza nyoka kuanzia fuvu mpaka jino.

Ukitaka kuona mchanga umeenda naye mpaka mwisho, nenda maeneo makavu ya Kenya, Tsavo, Garissa, Turkana, na hata kaskazini ya Tanzania kidogo. Kuna nyoka mnene mfupi jamaa ya mbali ya chatu, ana rangi ya chungwa yenye mabaka meusi ya kahawia, anaishi ndani ya mchanga. Pua yake imechongwa kama kabari, tundu za pua ni nyembamba mchanga usiingie, na macho yamekaa juu ya kichwa, kwahiyo anajifukia mwili wote anabakiza macho tu, anasubiri panya au mjusi apite. Hana sumu, anavuta chakula chini na kukibana. Na huko Namibia kwenye jangwa la Namib yuko mwingine wa jamii ya kifutu, wa sentimita 25 hivi, naye macho yamepanda utosini kabisa, anajifukia na kuacha ncha ya mkia juu inacheza kama mdudu ili mjusi aje mwenyewe. Jangwa lile karibu halina mvua, lina ukungu unaotoka baharini asubuhi, nyoka huyu anautega kwa mwili, matone yanakusanyika kwenye magamba na yeye anayanywa mgongoni kwake.

Hao wa majangwa wana na mwendo wao. Nyoka wa kawaida ili aende mbele anahitaji kitu cha kukisukuma, jiwe, mzizi, nyasi, ndio ule mwendo wa mawimbi. Umeshawahi kuona nyoka kaingia nyumba ya tailizi? Anapiga mawimbi vilevile ila anabaki palepale, mwili unacheza na haendi, kwa sababu hana pa kushika. Mchanga wa jangwa unamfanyia hivyohivyo, unakimbia chini yake. Kwahiyo hao wanaenda kiubavu, wananyanyua sehemu ya mwili na kuiweka mbele, wanaacha alama za mistari mifupi iliyolala sambamba kama ngazi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kazi waliyofanya kwa hadubini yenye nguvu kwenye magamba ya tumbo. Nyoka wa kawaida ana vimiba vidogo sana vinavyoelekea nyuma, vinamsaidia kuteleza mbele asirudi nyuma, lakini wale wanaokwenda kiubavu wa majangwa ya Afrika vimiba vimepotea kabisa, badala yake kuna vishimo, ili mwili uteleze sawa kila upande. Yule wa Marekani anayekwenda kiubavu bado amebakiza vimiba vichache, na jangwa lake ni changa kuliko haya ya Afrika. Mi hiyo habari nikiisoma najisikia kama nimeonyeshwa saa inavyotembea.

Turudi kwa mfupi mnene asiyekimbia. Sijaona picha, ila kwa maelezo yako huyo huenda ni kifutu, wengine mnamwita moma, pwani wanamwita bafe. Kama alikuwa mdogo, kama nusu mita hivi, na ana alama kama herufi V imegeuzwa kichwani, basi anaweza kuwa yule ndugu yake mla vyura, sumu yake ni nafuu zaidi ingawa inavimbisha. Kifutu ndiye nyoka anayenifundisha kwamba habari ya udongo isishikwe kama sheria, kwa sababu yeye anaishi karibu kila mahali, kichanga, mbuga, miamba, nyanda za juu, anakosekana tu kwenye msitu mzito na jangwa lenyewe. Nenda asubuhi kwenye njia ya vumbi Igunga, ukikuta mstari umenyooka kabisa kama mtu kaburuta gogo la mkono, bila mawimbi, huyo ni yeye kapita usiku. Anatembea kwa kunyanyua magamba ya tumbo kidogokidogo kama magurudumu ya trekta la mnyororo, hahitaji kitu cha kusukuma, kwahiyo hata ardhi tambarare isiyo na jani anapita.

Na hakimbii kwa sababu kazi yake yote ni kutoonekana. Anaweza kukaa mahali pamoja siku nyingi, na sio macho tu anayoyadanganya. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha majaribio ya mbwa waliofundishwa kunusa nyoka, pamoja na wanyama wa jamii ya nguchiro, wote walitambua harufu za nyoka wengine lakini kifutu aliyetulia hawakumtambua, wakati ngozi yake aliyoivua waliinusa vizuri tu. Mbwa wako wa nyumbani anaweza kupita juu yake. Kwahiyo ule mtindo wa kupiga miguu chini ili nyoka akimbie, kwa swila na koboko unasaidia, kwa kifutu ni kinyume, anasikia mtikisiko kupitia taya na mwili wake na anazidi kutulia. Njia ya kumkwepa kifutu ni tochi na buti basi. Na hatagi, anazaa watoto wazima, kawaida 20 mpaka 40, kuna jike mwenye asili ya Kenya kwenye bustani ya wanyama huko Czech alizaa 156 kwa mara moja. Ukikuta mtoto wa kifutu tafuta kwa uangalifu, hayuko peke yake.

Rangi nazo umeuliza kwa mbali. Hapo udongo unaonekana wazi kabisa. Kifutu wa nyanda za juu mara nyingi ana njano na weusi mkali, wa nchi kavu amefifia kijivu au kahawia ya vumbi. Huko Tsavo na mpakani kwetu kaskazini ambako ardhi ni nyekundu kuna swila mwekundu wa matofali, ana mkanda mweusi kooni, na sehemu nyingine ambako ardhi sio nyekundu swila wa aina hiyohiyo anaonekana wa kijivu au njano iliyopauka. Sio kwamba anapaka vumbi. Tai na karani tamba wamekula wale waliokuwa wanaonekana, kwa miaka mingi sana, waliobaki ni wale waliofanana na ardhi.

Milimani habari ni baridi zaidi ya udongo. Juu ya Mlima Kenya na Aberdare, mita 2,700 mpaka karibu 3,800, kuna nyoka mdogo wa sumu wa jamii ya kifutu, mfupi kama rula ya shule, anatoka jua likiwaka tu na usiku wa barafu anajichimbia ndani ya mashungi ya nyasi. Kwenye misitu ya Udzungwa yuko mwingine wa jamii hiyohiyo ambaye ameacha habari za panya kabisa, anakula nyungunyungu, kwa sababu ardhi ile ni laini, mbichi, imejaa nyungunyungu mwaka mzima. Na Usambara kwenye majani makavu ya msitu yuko kifutu wa msituni, yule mwenye meno marefu kuliko nyoka wote duniani, yanafika sentimita 5, mwili wake umechorwa kama zulia la majani yaliyooza, unaweza kumkodolea macho mita moja na usimwone. Hata mawe ya ziwani wanayo watu wake: Kigoma na Bujumbura kuna fira wa majini anayelala kwenye matundu ya miamba na ya kuta za bandari, anapiga mbizi mita 20 na zaidi akila samaki. Wa baharini sitakaa sana, pwani yetu ina aina moja tu, tumbo la njano na mkia bapa kama kasia, wengine wengi mnaoita nyoka wa bahari ni mikunga, hao ni samaki.

Sasa mayai, maana hapa ndio kichuguu kinapoingia. Yai la nyoka sio gumu kama la kuku, lina ganda kama ngozi, na linanyonya maji kutoka kwenye udongo mpaka linaongezeka uzito. Likiwekwa pakavu linanyauka, likiwekwa kwenye mfinyanzi uliojaa maji linakosa hewa linaoza. Kwahiyo jike wa koboko au fira katika nchi ya mbuga ana shida kubwa ya kupata pa kutagia, kiangazi pakavu kama tofali, masika tope. Jibu lake ni kichuguu. Mchwa wanakijenga kwa udongo walioupandisha kutoka chini, wanakitengenezea njia za hewa, ndani kinakaa karibu digrii 30 usiku na mchana na unyevu haukauki, na kimeinuka juu ya mafuriko. Kikihamwa na mchwa au muhanga akikitoboa, kinakuwa nyumba ya kupanga bora kuliko zote. Kwenye kichanga cha Mkuranga mnavyo vichuguu vichache na nyoka hutagia kwenye majani yanayooza, kwenye mashina matupu, kwenye lundo la samadi. Huku kichuguu ndicho mhimili wa mtaa mzima.

Haya, tuje kwa ulichouliza ufanye nini. Mchanga. Kuumwaga kuzunguka nyumba kama uzio hausaidii, nyoka anapita juu ya mchanga bila wasiwasi. Ila wazo lako lina nusu ya ukweli ambayo ni muhimu: tatizo la kwako ni nyufa, na mchanga au moramu haupasuki. Kwahiyo kiangazi, kabla ya mvua, chimba mfereji mpana kama mita moja kuzunguka msingi, toa huo udongo mweusi, jaza moramu ushindilie vizuri. Nyufa hazitakaribia ukuta na panya hawatapata mwanzo wa shimo chini ya msingi. Hata kuta za nyumba yako hazitapasuka sana kama mwanzo, fundi yeyote wa huko atakuambia. Halafu juu yake tandaza mchanga mlaini, ufagie kila jioni kama bibi zetu walivyofagia uwanja. Asubuhi unausoma: mstari ulionyooka, kifutu, mawimbi, mwingine, vidole vidogo vingi, panya, na hapo unajua mgeni atakuja.

Oili chafu hapana, nakuomba. Nyoka hakimbii oili chafu, wala mafuta ya taa, wala vitunguu saumu vilivyopondwa, nimeona wakipita juu ya vyote. Hiyo oili inabaki kwenye udongo wako miaka, mvua inaipeleka kisimani, kuku wanadonoa. Hela hiyo nunua mapipa ya kuhifadhia mazao yenye mfuniko, na pandisha kuni juu ya jukwaa zisilale chini. Panya wa shamba wa kwetu jike mmoja anazaa zaidi ya kumi kwa mkupuo, kwahiyo stoo iliyo wazi ni sawa na kuwaalika nyoka kwa barua. Taa ya uani izimeni usiku wa mvua za kwanza, vyura watapungua. Na watoto walale kitandani, chandarua kimechomekwa chini ya godoro, hiyo inazuia mbu na nyoka kwa pamoja.

Mtu akiumwa, atulie, mvue pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba, mkalisheni kwenye bodaboda au gari mwende hospitali. Msifunge kamba, msichanje, msinyonye, na lile jiwe jeusi la kubandika nawasihi mliache, halinyonyi sumu, linakula muda tu. Akitemewa machoni na swila osheni kwa maji safi mengi dakika 15 au 20 bila kusugua, kisha hospitali. Shirika la Afya Duniani liliuweka huu ugonjwa wa kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, wanakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na wengi ni watu kama sisi, wakulima na watoto.

Kichuguu sasa. Mumeo asikivunje wiki hii. Mvua imeshaanza, nyufa zimefunga, mashimo ya bondeni yamejaa maji, kwahiyo kila aliyefukuzwa bondeni anaweza kuwa yumo humo, na ukikivunja leo unawamwaga uani kwako. Kwanza angalieni kama mchwa bado wapo: toboa pembeni juu kidogo kwa fimbo ndefu, rudi kesho, wakiwa wameziba kwa udongo mbichi kiko hai na nafasi ya nyoka ndani ni ndogo, mkiache mpaka kiangazi. Kama hawajaziba na kuna tundu pana, laini mdomoni, lisilo na utando wa buibui, basi kuna anayepita hapo. Nyunyizia majivu mlangoni jioni, asubuhi mtaona alama. Msimwage petroli na kuchoma, msiingize mkono wala jembe fupi. Nendeni ofisi ya maliasili wilayani muwaeleze waje, na usisahau kuwaambia jiko liko hatua ngapi na watoto wana umri gani, watalichukulia kwa uzito. Kuanzia leo kuni za jiko chukueni mchana tu, na hilo jiko kama mna uwezo lihamisheni upande wa pili wa nyumba hadi mwezi wa sita. Picha ya yule mnene kama mumeo aliipiga kwa simu nitumie, nikiona kichwa na mgongo nitakuambia ni nani.